Namna ya kuelewa "eventually" bila kuichanganya na Kifaransa

Sisi benye tulisoma na Kifaransa, hii neno ya Kingereza "eventually" inatupigaka vibaya sana. Unaiona tu, kichwa inakimbilia "éventuellement", yenye kwa Kifaransa ni "pengine", unajiona umeelewa, kumbe umesoma kinyume. Mi ilinikuta na muuzaji moja wa sabuni wa kule Gisenyi, ngambo ya mupaka mu Rwanda, Mukenya, nikamwandikia "eventually I will take the 20 cartons". Mu kichwa yangu nilikuwa nasema pengine nitachukua, nikipata franga. Yeye akasoma nitachukua tu, ata kama haiko leo, akaniwekea katoni 20 pembeni, akafukuza bakliya bengine, na kisha wiki mbili ananipigia simu ananiuliza gari inavuka bariere ya mupaka saa ngapi. Nilikosa ya kujibu.

Dawa yake ni hii: usitafute maana mu Kifaransa, itafute mu Swahili juu tuko nayo tayari. Ni ile "tu" yenye mama anasemaka akiona unakimbia vyombo: "utaosha tu". Hajasema saa, hajasema leo, lakini we mwenyewe unajua itafanyika. "Eventually" njo vile, jambo inafika, ila kisha muda ao kisha mahangaiko.

Chukua mfano ya hapa kwetu Goma: "The lava eventually reached the lake". Hiyo ni tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya muji, ikachoma nyumba za batu, mwisho ikaingia mu ziwa Kivu. Hakuna "pengine" hapo, ilifika. Ya 2021 utasema "it eventually stopped near the airport", ilitembea weee kisha ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Sasa we weka "labda" mu hizo sentensi, uone vile mutu mwenye kiwanja yake iko chini ya mawe nyeusi atakuangalia.

Njo test yenyewe: ukikutana na neno, jaribu "mwishowe" ama "tu". Kama inaingia bila kusukuma, sawa.

Ndugu yake "eventual" iko na mutego ileile na njo mubaya zaidi. "The eventual winner" ni mwenye alikuya kushinda, mambo imeisha. Kwa Kifaransa "l'éventuel gagnant" ni mwenye anaweza kushinda, mechi haiyachezwa.

Na kama kweli unataka kusema pengine? Andika "possibly" ao "maybe", ao "I might". Kama ni "ikihitajika", "if necessary" inatosha. Kitu ingine, usiibandike na siku ya mbele, "I will eventually come on Friday" inasikika kizungumkuti, juu hii neno inapendaka wakati yenye haijulikane. Uko na siku? Sema siku, basi.

Kutamka: i-VEN-chu-a-li, nguvu iko kwa VEN, na ile t inasikika ch.

Ya sabuni sasa, nilipaswa kuandika "I might take 20 cartons", muzee wa batu asingepoteza bakliya. Nilivuka mwezi uliofuata na aibu yangu yote. I eventually took eight.