Umeota unasingiziwa au unalaumiwa? Soma ndoto yako hivi

Kabla hujaanza kuuliza watu "eti kuota naitwa mwizi maana yake nini", kaa kitandani kwanza uikumbuke ndoto yenyewe. Simu usiiguse. Usingizi wa kuota unarefuka kadiri kunavyokaribia kucha ndo maana ndoto hizi zinakubamba alfajiri, unaamka moyo unadunda, na ukishafungua WhatsApp tu nusu yake imepotea. Andika: nani alikulaumu, kwa kosa gani, mbele ya nani, na wewe ulijibu nini. Hilo la mwisho watu wengi wanaliruka, na mara nyingi jibu liko hapo.

Chukua mhazini wa kikoba. Anaota yuko kikaoni, sanduku limefunguliwa, tupu, wenzake wote wanamkodolea macho, anataka kusema "jamani funguo ziko kwa watu watatu, mbona mimi tu" lakini sauti haitoki. Mtu wa haraka haraka atamwambia kuna mwanakikundi anakuchimba. Mi ningemuuliza kitu kingine kabisa, siku hizi ni wapi unalaumiwa ukakaa kimya? Unaweza kukuta kikoba hakina shida yoyote, ila nyumbani ndugu zake wanamsema kwamba hela za matibabu ya mama hazionekani, na kila wakipiga simu anaishia kusema sawa, sawa. Ndoto imeazima sanduku tu, sauti iliyokwama ni ya kule kwenye simu.

Sasa mwangalie aliyekushtaki. Bosi au mwalimu wa zamani mara nyingi ni woga wa kupimwa, yaani una mtihani, ripoti, usaili, kitu cha hivyo. Kama wewe ndo ulikuwa unamfokea mwenzio, jiulize ni jambo gani umelimeza mchana. Akiwa marehemu, hapo nenda taratibu, maana msiba una lawama zake: hukuwahi mazishi, hukupokea simu yake ya mwisho. Kama kuna deni lake unalijua kweli, lilipe. Kama halipo, muombee dua au mtolee misa, na usijibebeshe kosa ambalo hukufanya.

Kwa Waislamu utaratibu upo tayari, hadithi zinagawa ndoto tatu: njema itokayo kwa Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ya mtu kujisemesha mwenyewe. Ukiota ya kukuchukiza unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unaomba kinga, unageukia ubavu mwingine na humsimulii mtu. Hiyo ya kutosimulia ina akili sana aisee, kwa sababu ndoto ya lawama ikishatoka mdomoni inageuka kesi.

Na hebu muangalie Nabii Yusuf, bingwa wa kufasiri ndoto, mwenyewe alisingiziwa na mke wa bwana wake. Kwenye Qur'ani kilichomtetea ni kanzu iliyochanika kwa nyuma, ushahidi wa kushikika, na hata alivyofungwa baadaye mfalme alipomwita atoke alikataa mpaka kwanza waulizwe wale wanawake waliojikata mikono. Mfasiri wa ndoto alidai uchunguzi! Kwahiyo wewe umemuota jirani anakunyooshea kidole, unaamka unamnunia kwa kipi?

Kibaya zaidi ni kuipeleka kwa mpiga ramli ili akutajie mbaya wako. Hiyo ndo ramli chonganishi, na Tanzania serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kanda ya Ziwa bibi vizee wameuawa wakiitwa wachawi kisa macho mekundu, macho ambayo wameyapata kwa miaka ya kupikia moshini. Ukitaka mtu wa kuongea naye tafuta shehe, padri, mchungaji au mshauri nasaha, na akianza kutaja majina ya watu ondoka.

Ikijirudia ile ile, kuna njia inayotumika kutibu jinamizi na inafanyika mchana. Iandike ndoto, kisha badilisha mwendelezo vile unavyotaka wewe: mhazini wetu anasimama, sauti inatoka, anawaita wenye funguo wengine wawili waje mbele. Ipitie kichwani hiyo mpya dakika chache kila siku, usiirudie ile ya zamani. Inataka uvumilivu kidogo.

Halafu cheki na dawa unazotumia. Mefloquine ya kukinga malaria na efavirenz ya kwenye ARV zote zinajulikana kwa kuleta ndoto kali, na zipo nyingine pia. Usiache dozi mwenyewe, mwambie daktari zilianza lini, anaweza kukubadilishia muda wa kumeza au dawa yenyewe.