Kuchagua Meli ya Kitalii Itakayowafaa Watoto Waliokwisha Kukua

Kinachomchosha mtoto wa miaka 11 au 15 safarini mara nyingi si bahari, bali ni kuwekwa pamoja na watoto wadogo. Kwa hiyo, kabla ya kutazama nauli au bandari, chunguza kwanza jinsi kampuni inavyoyagawa marika. Carnival huwatenga wenye miaka 12 hadi 14 na wale wa miaka 15 hadi 17, ilhali Disney ina klabu ya miaka 11 hadi 14 na nyingine ya miaka 14 hadi 17, jambo linalompa mwenye miaka 14 nafasi ya kuchagua. Ikiwa una watoto wawili wasiopenda kuachana, linganisha umri wao na mipaka hiyo, kwani tofauti ya mwaka mmoja tu yaweza kuwatenganisha safari nzima.

Kisha wapime urefu. Katika meli za Royal Caribbean zenye mawimbi ya kutengenezwa, anayeteleza akiwa amelala juu ya ubao hutakiwa kufikia sentimita 132 hivi, na anayesimama 147. Inauma sana mtoto aliyeingoja zamu hiyo kwa miezi anaporudishwa kwenye kipimo.

Mimi huipa tarehe ya safari uzito kuliko ukubwa wa meli, kwa kuwa hata ukumbi wenye michezo yote huwa mkiwa shule zisipofungwa. Uliza pia kama intaneti imo katika nauli, na mkubaliane mapema saa ya kurudi chumbani.