Sauti inapoachana na picha kwenye video ndefu ya simu

Kijana mmoja wa Langoni aliniletea laptopu yake ikiwa na video ya kirumbizi, mchezo wa bakora, aliyoirekodi kwa simu pale Mkunguni. Mwanzoni bakora zikigongana, mlio unakuja papo hapo. Kufika katikati, bakora zimeshagongana na kuachana ndipo mlio unasikika. Alikuwa ameshaifuta DaVinci Resolve, programu anayohariria video, na kuiweka upya. Programu haikuwa na kosa. Kosa limo ndani ya faili, na wengi wanaohariri harusi na maulidi hapa Lamu kwa klipu za simu wanahangaika nalo.

Hatua ya 1: Pima pengo

Tafuta kishindo kimoja mwanzoni mwa klipu na kingine mwishoni: mkono ukipiga ngoma, bakora, makofi. Kama sauti imechelewa kwa kiasi kilekile kote, isogeze na kazi imekwisha. Kama pengo linakua kadiri video inavyoendelea, nenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: Lifungue faili kwa MediaInfo

Ni programu ndogo ya bure. Tazama mstari wa "Frame rate mode". Ukiona "Variable", umeupata ugonjwa. Simu nyingi hazipigi fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, kwa mfano, sekunde moja inaweza kuwa na fremu 30 na inayofuata ikawa na pungufu. VLC, programu ya kuchezea video, huonyesha kila fremu kwa wakati wake ulioandikwa kwenye faili, ndiyo maana video huonekana sawa ukiichezea huko. Programu ya kuhariri inataka kasi isiyobadilika.

Hatua ya 3: Ligeuze faili kabla hujakata chochote

Hapa ndipo saa za watu zinapopotea, kwa hiyo nisome taratibu.

Usianze kukatakata sauti na kuisukuma kipande kwa kipande. Utaunyoosha mwanzo, mwisho upinde. Wala usitumie tovuti za kugeuza video: video ya saa nzima itakumalizia bando, na utarudishiwa picha iliyobanwa. Mimi natumia HandBrake, programu ya kugeuza video, ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti.

Kwenye ukurasa wa "Video", chagua kasi ya fremu, kisha weka alama kwenye "Constant Framerate". Ukiiacha "Peak Framerate" umefanya kazi bure, faili litatoka na ugonjwa uleule. Kasi yenyewe ichague kufuata simu: kama ilirekodi kwa 30, weka 30. Usiishushe hadi 25 kwa kuwa kamera ya mwenzako ni ya 25. Fremu zitaachwa na matembezi ya bwana harusi yatarukaruka. Kama sehemu kubwa ya kazi ni ya kamera, mradi uwe wa 25 na klipu za simu uzitumie kwa vipande vifupi. Amua mapema, maana DaVinci Resolve huifunga kasi kuu ya mradi ukishaingiza klipu ya kwanza.

Ubora, yaani RF, mimi naweka 18. Namba ikipungua, picha inakuwa bora na faili linakuwa kubwa. Kwa kuwa utahariri na kutoa video tena, usibane hapa. Kwenye "Audio" weka 48, ndiyo kilohezi 48 zinazotumika kwa video.

Jaribu kwanza kwa klipu ya dakika chache, kisha rudi MediaInfo uhakikishe imeandikwa "Constant". Laptopu ya kawaida itachukua muda mrefu kwa video ya saa nzima, basi iache usiku ikiwa kwenye chaji. Na klipu uliyotumiwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida imeshabanwa. Mwombe mwenyewe akutumie ya asili kama dokumenti.

Hatua ya 4: Kama sauti ni ya kinasa sauti cha pembeni

Saa ya kinasa na ya simu hazilingani kabisa, kwa hiyo pengo dogo linaweza kubaki hata baada ya kugeuza. Gawanya urefu wa sauti kwa urefu wa picha. Sauti ya sekunde 3,601 juu ya picha ya sekunde 3,600 inahitaji kasi ya asilimia 100.03. Kwa kasida ni bora kukata penye kimya kati ya beti kuliko kugusa kasi.

Hatua ya 5: Hariri

Faili ukishaliingiza, usilihamishe folda wala usilibadilishe jina, la sivyo utaona "Media Offline", yaani programu imelipoteza faili.

Hatua ya 6: Kumkabidhi mwenye harusi

Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Itakataa hata kama ina nafasi tele. Ifomati exFAT, au gawa video mara mbili: siku ya nikaha na siku ya kupamba. Faili za asili za simu usizifute mpaka familia iwe imeitazama yote.