Kabla ya jaribio la joto ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: mambo ya kuzingatia

Namba nyingi za joto zilizomo vitabuni zinachukulia kwamba uko usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu yake, kwa hiyo jaribio linaweza kuharibika kabla hata jiko la spiriti halijawashwa. Anza na presha ya hewa ya mahali ulipo. Pwani ni kama kPa (kilopaskali) 101.3, Mbeya ni karibu kPa 83. Maji huchemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa iliyo juu yake, ndiyo maana Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 na ushee za Selsiasi, Njombe mjini kwenye 93 na nusu hivi, na Kitulo, palipo na mita kama 2,600, kwenye 91. Kuongeza moto hakubadilishi hilo: maji yataisha haraka zaidi, lakini jotoridi litabaki palepale. Usichukue presha ya taarifa za hali ya hewa au za uwanja wa ndege bila kuuliza, kwa sababu mara nyingi imeshasahihishwa iwe kana kwamba kituo kiko baharini. Tumia baromita ya hapo hapo. Simu nyingine zina kihisi cha presha, nazo zinafaa.

Kipimajoto nacho kikaguliwe mapema. Kitie kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo, ukikoroge dakika 2 au 3: kisome 0. Nukta hii haiathiriwi na mwinuko kwa kiasi unachoweza kuona. Kisha kitie kwenye maji yanayochemka. Wanafunzi wengi wakiona kimekwama kwenye 94 hudhani ni kibovu, wakati kibovu ni kile kinachosoma 100 ukiwa Mbeya.

Sasa amua mfumo wako, yaani sehemu unayoihesabia joto, ni upi, maana hesabu yote inategemea mpaka uliouchora kati ya mfumo na mazingira. Sufuria isiyo na mfuniko ni mfumo wazi, kwa kuwa mvuke unatoka na uzito wake. Chupa iliyozibwa ni mfumo funge: joto linapita, maada haipiti. Chupa ya chai inakaribia mfumo uliotengwa, lakini kwa muda tu; ikifika asubuhi chai imepoa.

Tuseme unatafuta uwezo mahususi wa joto wa alumini, yaani juli zinazohitajika kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja. Kipande cha gramu 200 kinatolewa kwenye maji yanayochemka, nyuzi 94.5, na kutumbukizwa kwenye gramu 200 za maji yenye nyuzi 18. Jotoridi linatulia kwenye 31.5. Maji yamepokea 0.2 × 4,200 × 13.5, sawa na juli 11,340. Alumini imeshuka nyuzi 63, kwa hiyo jibu ni 11,340 ÷ (0.2 × 63), yaani juli 900 kwa kilo kwa kila nyuzi, ambalo ndilo sahihi. Mwanafunzi aliyeandika 100 kwa mazoea anapata 828 na kuanza kulaumu vifaa.

Hapo kikombe chenye yale maji, yaani kalorimita, hakijahesabiwa. Kalorimita ya shaba ya gramu 60 nayo inapokea joto, na ukiisahau jibu litapungua kwa karibu asilimia 3, basi ipime ikiwa tupu na kavu kabla ya kuanza. Andaa uzi wa kuning'inizia kipande kisiguse kitako cha sufuria, na ukiache ndani dakika 5 tangu maji yaanze kuchemka tena. Ukikitoa, kikung'ute mara moja kabla ya kukitumbukiza. Gramu 2 tu za maji ya moto yaliyong'ang'ania zinabeba takriban juli 530, karibu asilimia 5 ya joto lote unalopima. Ukikaa unakifuta kwa kitambaa nako kinapoa, na hasara hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu huwezi kuikadiria.

Jotoridi la chumba nalo lina neno. Mchana wa Oktoba, maabara ikiwa na nyuzi 25, kuanzia 18 na kuishia 31.5 ni kuzuri: nusu ya kwanza kikombe kinaiba joto kutoka hewani, nusu ya pili kinalirudisha, na makosa yanakaribia kufutana. Julai chumba kikiwa na 18, uanzie kama 11, hivyo utahitaji barafu. Hakikisha imeyeyuka yote. Gramu moja iliyobaki inameza juli 334 kama joto fichi, yaani joto la kuyeyushia tu, bila kipimajoto kupanda hata kidogo.

Kwenye gesi, geuza jotoridi liwe kelvini kwa kuongeza 273, na presha ya geji, ambayo ni ile inayozidi presha ya hewa ya nje, iwe presha kamili kwa kuongeza ile ya hewa. Tairi la lori lililojazwa kPa 700 alfajiri Makambako, nyuzi 12, lina presha kamili ya kama kPa 783. Likiteremka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni na hewa ya ndani kufika nyuzi 57, zidisha kwa 330/285 upate karibu 907. Hewa ya huko chini ni nzito, kama kPa 95, kwa hiyo geji itasoma takriban 810. Anayegawanya 57 kwa 12 atapata tairi lililopasuka kwenye karatasi.

Mwisho, angalia alama za kujumlisha na kutoa kwenye kanuni ya kwanza ya thermodainamiki, inayounganisha badiliko la nishati ya ndani (ΔU), joto linaloingia (Q au q) na kazi (W au w). Vitabu vingi vya fizikia huandika ΔU = Q − W, W ikiwa kazi inayofanywa na mfumo; vya kemia huandika ΔU = q + w, w ikiwa kazi inayofanyiwa mfumo. Gesi ikipewa juli 500 na kusukuma pistoni kwa juli 200, nishati ya ndani inaongezeka 300 kwa njia zote mbili, ila kwa kemia w ni −200. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayechanganya hizo mbili hupata 700.