Kununua miksa ya stendi ukiwa na laki mbili na kitu, isije ikakuungulia usiku wa oda

Miksa yangu ya kwanza ya stendi, ile inayosimama yenyewe na bakuli lake, iliniungulia saa tano usiku na asubuhi yake nina oda ya hafu keki za sendofu Chikongola. Boksi lake liliandikwa 1500W kwa maandishi makubwa kama bango la mkutano, bakuli lita 7, nikajua hapa nimepata mnyama. Ilikaa miezi minne tu. Siku hiyo nimeijaza kilo moja na nusu ya ngano, unga mkavu ule wa hafu keki, ikaanza kuvuma sauti nzito, kichwa kinaruka ruka, halafu harufu ya plastiki, halafu kimya. Tukakanda kwa mikono mpaka saa nane mimi na mume wangu, na yeye kila baada ya dakika tano ananikumbusha ile hela ilikuwa ya korosho.

Fundi alipoifungua mota ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni giya ya plastiki, imepata moto ikalainika, meno yamelika upande mmoja yamebaki kama kitana cha bibi. Akaniambia dada hii giya hapa Mtwara huipati, na mimi nikaagiza mtu anitafutie Kariakoo akakosa. Laki na themanini ikawa bakuli la stenlesi la kuoshea mchele.

Sasa kabla hujaanza kuuliza bei, jiulize unapika nini. Kama ni keki tu, za birthday na za kuuza vipande, mwenzangu usijitese, nunua miksa ya mkono yenye spidi tano na bakuli refu, chenji weka kwenye trei na blubendi. Uji wa keki hauichoshi mashine hata kidogo. Stendi unaihitaji pale unapokanda: skonzi, mikate, maandazi ya oda, au unapopiga mayai na sukari robo saa nzima na mikono ina kazi nyingine. Na ujue unga mkavu ndo unaoua mashine, ule mlaini unaonata inaukanda bila shida. Hafu keki mpaka leo namalizia kwa mkono, siiamini mashine yoyote ya bei yetu.

Tukirudi kwenye wati, ile namba ni umeme inaoula, haikwambii nguvu inayofika kwenye unga. KitchenAid Artisan ile ya umeme wetu ni 300W tu na inakanda vizuri, kwa sababu ndani ina giya za chuma na mwili wake ni chuma, ina zaidi ya kilo 10. Hiyo hatuiwezi kwa laki mbili, lakini inakufundisha kitu. Ukikuta mbili bei moja, moja 1500W nyepesi unaibeba kwa kidole na nyingine 800W nzito, chukua nzito. Nyepesi ikikanda inatembea mezani, mi yangu ilishawahi kufika ukingoni nikaidaka.

Kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi ni kile kistika cha chini. Igeuze. Utaona 220-240V 50/60Hz, wati, halafu zingine zina herufi KB na namba, mfano KB 5 min. Hiyo KB inatokana na Kijerumani, maana yake ni muda wa kuiwasha mfululizo, yaani dakika 5 zikiisha uizime ipoe kwanza. Kama hakuna kwenye stika fungua kitabu chake, mara nyingi imeandikwa huko na muda wa kupumzika pia. Kati ya ya dakika 5 na ya dakika 10, ya 10 ndo ya kukandia. Yangu ile iliyokufa ilikuwa KB 5 na mimi naiendesha dakika ishirini nikiangalia tamthilia, kwaiyo siwezi kumlaumu mtengenezaji peke yake.

Nilipoenda kununua ya pili nilibeba nusu kilo ya ngano kwenye mfuko na chupa ya maji. Yule kaka wa duka akacheka, "Dada, hapa siyo jikoni." Nikamwambia kaka yangu, ikikanda hii nakulipa sasa hivi sikuombi hata punguzo. Akaleta waya wa umeme. Tukaweka unga, maji kama mililita 300, spidi ya kwanza. Mashine ya kwanza tuliyoijaribu kichwa kilikuwa kinapanda juu kila mkandio, kile chuma cha kukandia, ukizunguka, loki yake imelegea, nikasema hapana. Ya pili ikatulia, sauti haikubadilika sana unga ulipokaza, nikaiacha dakika nne nikagusa mgongo wake ni vuguvugu tu. Hiyo ndo ninayo mpaka leo, mwaka wa tatu. Na mchezo wa punguzo nikaufanya vilevile, nikapata elfu kumi.

Akikataa kabisa unga, basi angalia hivi. Ikiwa imechomolewa shika mkandio uuzungushe kwa mkono, ukicheza cheza sana kabla giya haijakamata, achana nayo. Iwashe tupu spidi ya mwisho usikilize, kelele ya kusaga ni mbaya kuliko kelele kubwa. Kisha shusha kile kipigio cha waya cha kupigia mayai uangalie kinafika chini kiasi gani, kinatakiwa kikaribie bakuli bila kukwaruza, la sivyo ute wa mayai mawili matatu utabaki chini haujaguswa. Zingine zina skrubu ya kurekebisha hapo, muulize.

Kuhusu kuagiza Dar, bei inapungua kweli na basi linaleta mzigo, ila piga hesabu ya kuirudisha kilomita mia tano na kitu ikiwa mbovu. Waranti ya duka ambalo huwezi kufika ni karatasi tu. Mi tofauti ikiwa elfu thelathini nanunua hapahapa mjini, nadai risiti, nalala.

Mitumba nayo si mibaya, Kenwood Chef za zamani kutoka Uingereza ni ngumu na plagi yake ni ileile yetu ya pini tatu. Nyingi zinatumia kaboni kwenye mota, vile vipande vidogo vyeusi vinavyopitisha umeme na kulika taratibu, zikiisha mashine inatoa cheche au inawaka na kuzima, na fundi wa grinda anaweza kuchonga kaboni ya grinda ikaingia. Ila soma stika kwanza! Ikiwa 120V ni ya Marekani, ukiichomeka ukutani moja kwa moja umeiua, itataka transfoma na hiyo ni hela nyingine na mzigo mwingine jikoni. Angalia pia mafuta meusi yanayovuja kwenye shina la mapigio, hiyo ni grisi ya giya na itadondokea kwenye keki ya watu.

Ukishafika nayo nyumbani, ile ya lita 5 mpaka 7 ya bei yetu usiipe zaidi ya nusu kilo ya ngano kwa mkupuo, boksi liseme litakavyosema. Changanya mpaka unga ushikane tu, zima, funika dakika ishirini. Ukirudi utakuta umelainika wenyewe bila kukandwa, sasa dakika nne tano spidi ya kwanza au ya pili zinatosha. Tumia maji ya friji, joto letu hili la Desemba na msuguano wa mashine unga unaumuka kabla hujaupanga kwenye trei. Taa zikianza kufifia umeme umepungua, zima, mota inachoka haraka ikinyimwa umeme huku ina mzigo. Na umeme ukikatika chomoa kabisa, usingoje urudi kwa kishindo.

Mapigio ya aluminiamu yasiyopakwa rangi yafute hapohapo ukimaliza kuosha, hewa yetu ya chumvi inayatia weusi unaohamia kwenye krimu, na mimi niligundua hilo kwenye keki nyeupe ya harusi.