Somo: Kutengeneza lati yako mwenyewe kwa video za harusi za Mtwara na Lindi

Lati (LUT) ni faili la jedwali la rangi ambalo mhariri hulipachika kwenye klipu ili ipate mwonekano fulani kwa mara moja. Nyingi zinazogawiwa mtandaoni hupaka vivuli buluu na ngozi rangi ya chungwa. Ukiziweka kwenye picha ya bwana harusi mwenye kanzu nyeupe, aliyepigwa jua la saa saba mchana ufukweni Shangani, kanzu hupoteza nyuzi zake zote na uso hugeuka kama umepakwa manjano. Ni afadhali utengeneze ya kwako. Nitatumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na kurekebisha rangi, na toleo la bure linatosha.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha kazi. Weka nodi tatu, yaani vituo vya marekebisho vinavyofuatana: ya kwanza isawazishe mwanga na mizani ya weupe, ya pili ibebe mwonekano, ya tatu ishughulikie ngozi. Lati itatokana na nodi ya pili peke yake, kwa sababu kila klipu ina mwanga wake, na chombo kinachojaribu kurekebisha mwanga na kupamba kwa pamoja huharibu vyote viwili.

Hatua ya pili, chagua klipu za majaribio zinazotofautiana: mchangani mchana, barazani Mikindani penye kivuli, na ukumbini usiku chini ya taa za rangi. Zisawazishe zote kwenye nodi ya kwanza. Katika grafu ya mwanga yenye kipimo cha 0 hadi 1023, mimi huiacha kanzu chini kidogo ya 950.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Lati hupokea thamani za nyekundu, kijani na buluu za nukta moja, kisha hurudisha thamani nyingine tatu. Haijui kama nukta hiyo ni shavu la bibi harusi au ni mchanga. Kwa kuwa mchanga wetu, kuta za zamani za mawe ya matumbawe na ngozi ya mtu vyote huangukia upande wa chungwa, ukivuta chungwa kwa nguvu utavivuta vyote pamoja. Kwa hiyo jenga mwonekano kwa mkunjo wa mwanga na kwa rangi za vivuli, na chungwa uliguse kidogo tu. Tazama vektaskopu, yaani grafu inayoonyesha aina ya rangi na ukolezo wake: ngozi nyeusi na ngozi nyeupe hukaa karibu na mstari uleule wa ngozi, na kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga. Uso ukihama mstari huo, kosa ni la mwonekano wako.

Hatua ya nne, pitisha mwonekano huo juu ya picha inayotoka nyeusi hadi nyeupe taratibu. Mistari ikijitokeza, umevuta kupita kiasi, na video ya biti 8, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, itaionyesha wazi angani.

Hatua ya tano, zima nodi ya kwanza na ya tatu, bofya klipu kwa kitufe cha kulia, chagua Generate LUT, kisha 33 Point Cube. Ukilifungua faili kwa Notepad utakuta mstari wa LUT_3D_SIZE 33, halafu mistari 35,937 yenye namba tatu tatu. Chombo chote ni hicho.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Masasi: Mwalimu, je, naweza kuingiza ulainishaji wa ngozi ndani ya lati?

Jibu: Haiwezekani, ndugu yangu. Kulainisha kunahitaji kulinganisha nukta na jirani zake, na lati huona nukta moja tu. Kwenye nodi ya tatu chagua ngozi, punguza Midtone Detail kidogo, kisha hifadhi nodi hizo kama PowerGrade ili uzitumie katika miradi mingine.

Swali, kutoka Lindi mjini: Shikamoo kaka. Klipu zangu za S-Log3 (mfumo wa kamera za Sony unaorekodi picha iliyofifia) hubaki zimefifia hata nikiweka lati.

Jibu: Marahaba. Lati hii imejengwa juu ya picha ya Rec.709, yaani kiwango cha kawaida cha rangi za video. Tanguliza Color Space Transform, zana ya kubadili mfumo wa rangi, kabla yake, uingizaji ukiwa S-Gamut3.Cine na S-Log3 kama ndivyo kamera ilivyopangwa.

Swali, kutoka Newala: Wateja wangu hutaka weupe zaidi usoni. Niuongeze kwenye lati?

Jibu: Hapana, dada, kwani utaangaza na kuta. Inua mwanga wa uso kwenye nodi ya tatu kwa dirisha (umbo linaloteua sehemu ya picha) linalomfuata mtu, na ukolezo wa rangi usiuguse. Mteja akishaona macho yanang'aa, mara nyingi hataulizia weupe tena.