Vitu vya pembeni mwa lami: mambo ya kuzingatia kabla hujatoka Iringa kwa baiskeli

Kama unapanga kutoka Iringa kwenda Morogoro kwa baiskeli, habari za maji, kofia ngumu, pampu na taa ya nyuma sihitaji kukueleza. Breki zikague kabla hujafika Kitonga, si ukiwa katikati ya mteremko. Ninachotaka tuzungumze ni vile vitu vilivyolala pembeni mwa lami. Mwenye gari huvipita bila kuviona, ila njia yako wewe ni hiyohiyo ya ukingoni, na kila kilichodondoka, kilichotupwa au kilichopasuka kinakusubiri wewe.

Ukikuta matawi mabichi yamewekwa barabarani, moja hapa, jingine hatua kadhaa mbele, ujue kuna gari bovu. Punguza mwendo hapohapo, na usilipite mpaka umetazama nyuma, maana lori linalokuja nyuma yako nalo litahamia kulia, mkutane wote kwenye upenyo mmoja. Matawi yaliyonyauka yasikudanganye kwamba gari limeshaondoka; semi iliyovunjika ekseli inaweza kulala hapo siku tatu. Na ikishaondoka, mawe waliyozuilia matairi mara nyingi hubaki palepale kwenye lami. Jua likishainama, jiwe na lami ni rangi moja.

Chupa za plastiki zenye maji ya njano ni mkojo wa watu wa safari ndefu, usizikanyage. Ndizi usizining'inize kwenye keria, nyani wamezoea kutupiwa chakula na wasafiri na hawatakuomba. Kitu cheusi kilichojikunja ukingoni jioni kipitie mbali: huenda ni kipande cha tairi, huenda ni kifutu anaota joto la lami, na kifutu hakimbii akisikia kishindo, hutulia tu.

Sasa vipande vya tairi vyenyewe. Hapa nivumilie, maana hivi ndivyo vilivyonifundisha. Tairi la lori likipasuka huacha mapande barabarani. Mengine watu huyaokota wakatengenezea katambuga. Ndani ya pande hilo kuna nyuzi za chuma, nyembamba kama unywele wa brashi ya waya. Magari yakishalichanachana, nyuzi hutapakaa ukingoni, na ukiwa juu ya baiskeli huzioni kabisa.

Septemba moja nilitoka Ruaha Mbuyuni asubuhi, nikiwa nimepanga kuivuka hifadhi ya Mikumi kabla ya jioni. Barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na humo si mahali pa kushuka ukachuchumaa. Kabla sijafika Mikumi mjini tairi la nyuma likaisha upepo. Nikatoa tyubu, nikapata tundu dogo, nikaziba, nikapapasa ndani ya tairi kwa kidole mara moja, sikuhisi kitu, nikaondoka. Nafika Mikumi, limelegea tena. Nikampelekea fundi, kijana mdogo chini ya mwembe. Akaizamisha tyubu kwenye beseni, vipovu vikatoka pembeni kabisa mwa kiraka changu. Akaniangalia.

“Kaka, tairi umelikagua?”

Nikamwambia nimeshalikagua, wewe ziba tu, nawahi. Akaziba.

Kama kilomita 10 ndani ya hifadhi, saa tisa na nusu alasiri, ringi ikaanza kugonga lami. Nimebakiwa na kiraka kimoja. Hatua kama ishirini mbele yangu kulikuwa na kinyesi cha tembo, kibichi, bado kinang'aa. Tembo wenyewe sikuwaona. Nilisikia tu matawi yakivunjika upande wa kushoto. Mbung'o walikuwa wananiuma shingoni na mikono ilitetemeka mpaka gundi nikaipaka kwenye spoku.

Kilichoniokoa ni Fuso la vitunguu. Dereva alisimama, utingo akaruka chini, akaitupia baiskeli juu ya magunia na mimi akanisukumia hukohuko, bila hata salamu. Tulipofika Doma, nje ya hifadhi, ndipo akasema, “Hebu lete hilo tairi.” Hakupapasa. Alilikunja, ndani kukawa nje, akalizungusha taratibu kati ya vidole gumba viwili akilibana kila mahali, mpaka ncha ya waya ikachomoza, fupi kuliko punje ya mchele. Akaing'oa kwa plaizi, akaniwekea kiganjani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujatoa tyubu, weka alama kwenye tairi mkabala na vali. Ukishaona tundu, ilaze tyubu juu ya tairi, vali ikae penye alama, nawe utajua pa kutafuta; kama huna hakika tyubu ilikaa upande gani, tafuta kushoto na kulia kwa vali. Pitisha pamba au kitambaa chepesi ndani ya tairi, kitanasa. Kisha likunje hapo kama alivyofanya yule utingo, kwa sababu waya hutokeza tairi likibanwa, na likilegea hujificha. Tundu likiwa upande unaoelekea ringi, kagua spoku. Likirudi palepale ulipoziba, usizibe tena kabla hujatoa kilichotoboa. Na fundi akikuuliza, mpe tairi alikague. Plaizi ndogo haina uzito, ibebe.

Mzigo ulioanguka usiuguse, hata kama hakuna mtu. Lori la mafuta lililopinduka usilisogelee, hata kwa kupiga picha. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, mwisho wa safari hiihii, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi 100, na wengi walikuwa watu wa kawaida waliobeba madumu. Ukinusa petroli, shuka, geuza, rudi nyuma, na usogee upande upepo unakotokea. Unaokutana nao njiani, hasa wa bodaboda, waambie nao wageuze.

Masikioni usiweke kitu chochote. Usiendeshe jua likishazama. Hifadhi iingie saa nne asubuhi, si alasiri kama mimi, na kabla hujaingia uliza pale Mikumi tembo wameonekana upande gani, wakazi wanajua. Mtu wa nyumbani ajue umefika wapi na saa ngapi, na simu iwe na chaji ya kukufikisha Doma.